Majina Yaliyomo na Majina Yasiyomo

Maseno ni mji mdogo, na mtu aupitaye kwa gari kutoka Kisumu kwenda Busia aweza kuupita bila kugeuza shingo. Walakini mahali hapa pamekatwa na mistari miwili ambayo msomaji hana budi kuijua. Mstari wa kwanza ni ikweta. Huo ulipimwa kwa hesabu za nyota na jua, wala hatujasikia wazee wakigombana juu yake. Mstari wa pili ni mpaka baina ya Waluo, walio upande wa ziwa, na Wanyore, ambao ni tawi la Waluhya, walio upande wa vilima. Huu haukupimwa kwa nyota. Ulitokana na makazi, ndoa, vita na mapatano, kisha ukatiwa wino na serikali ya kikoloni. Na hata baada ya Katiba ya mwaka 2010 kuziunda kaunti za Kisumu na Vihiga, watu wameendelea kuulizana Maseno ni ya nani.

Katika ugomvi wa namna hiyo shahidi aheshimiwaye kuliko ramani ni nasaba. Mzee husimama, akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, akaendelea hivyo hivyo mpaka akamfikia yule aliyesimika boma la kwanza. Wasikilizaji hunyamaza, kwani majina yatajwayo kwa mfululizo pasipo kukwama yana nguvu iliyo karibu na ya kiapo. Makala haya yataka kumwuliza shahidi huyo maswali machache. Hatumwulizi kwa kumdharau, maana wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi hatutaki utumwa huo. Twamwuliza kwa sababu shahidi asiyeulizwa hawezi kusaidia hukumu ya haki.

Labda utashangaa, msomaji, kuona nasaba imehakikiwa kama vile shairi au riwaya inavyohakikiwa. Lakini fikiri kidogo. Shairi lina mtunzi, lina wasikilizaji, lina shabaha, na lina mambo ambayo mtunzi ameyaacha kwa makusudi. Nasaba nayo inayo hayo yote manne. Mwenye kuitamka ndiye mtunzi wake wa mwisho. Jamaa zake na wapinzani wake ndio wasikilizaji. Shabaha yake aghalabu ni haki fulani, kama ardhi, ndoa, au mahali pa kuzikwa. Na mambo yaliyoachwa humo ni mengi kuliko yaliyotiwa. Kwa hiyo swali la mhakiki si hili tu, kwamba maneno haya ni kweli au si kweli. Aongeza jingine: maneno haya yalitungwa kwa kazi gani, nayo yameacha nini nje?

Kitabu tutakachokichukua kuwa msingi wa mazungumzo yetu ni History of the Southern Luo, kilichotolewa na East African Publishing House mjini Nairobi mwaka 1967. Mwandishi wake, Bethwell Allan Ogot, alizaliwa Gem mwaka 1929, akasoma katika Shule ya Maseno, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1906. Kutoka hapo alikwenda Makerere, kisha Chuo Kikuu cha St Andrews katika nchi ya Uskoti, na baadaye London. Alifariki mwaka 2025, akiwa amehesabiwa miongoni mwa wanahistoria wakubwa wa Afrika. Kitabu chake chaeleza kuhama na kukaa kwa Waluo tangu mwaka 1500 hadi mwaka 1900. Sehemu kubwa ya wakati huo haikuwa na mwandishi wala karani katika nchi ya Nyanza. Basi alipataje habari na tarehe? Alizipata, kwa sehemu kubwa, katika vinywa vya wazee, na hasa katika nasaba zao.

Kabla ya kupima kazi hiyo, yafaa tuvuke bahari twende Uskoti alikosoma. Watu wengi hudhani kwamba Mzungu anayo nasaba ya hakika kwa kuwa imeandikwa, na Mwafrika anayo nasaba ya kubahatisha kwa kuwa inatamkwa. Tuichukue familia ya wakulima wa Uskoti, isiyokuwa ya makabaila wala ya maskini kabisa, tuone ukoo wake hufuatwa namna gani.

Kwa miaka ya karibu kazi si ngumu. Tangu tarehe 1 Januari 1855 serikali iliamuru kila kizazi, kila ndoa na kila kifo katika Uskoti viandikwe. Na vyeti vya nchi hiyo vina sifa njema, kwani hata cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu, na jina la mama alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Tena kuna hesabu ya watu, ambayo tangu mwaka 1841 iliandika majina, ikarudiwa kila baada ya miaka 10. Mtafutaji aweza kumwona mkulima yule yule katika daftari kumi baada ya kumi: kwanza ni mtoto nyumbani kwa baba yake, kisha ni kijana wa kazi katika shamba la mtu mwingine, kisha ni bwana wa nyumba mwenye watoto saba.

Lakini apitapo mwaka 1855 kurudi nyuma, njia yaingia msituni. Hapo ategemea vitabu vya parokia za Kanisa la Uskoti. Kitabu cha zamani kuliko vyote vilivyosalia, cha parokia ya Errol, chaanzia mwaka 1553. Lakini parokia nyingine hazina kitu mpaka karne mbili baadaye, na nyingine vitabu vyake viliungua au viliozea katika masanduku. Watu waliojitenga na kanisa hilo katika karne ya 18 mara nyingi hawakuandikwa humo. Mwaka 1783 serikali ilitoza kodi ya peni 3 kwa kila jina liandikwalo, na mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1794 wako wazazi walioona ni heri mtoto asiandikwe kuliko kulipa. Angalia, basi, msomaji: mtoto alizaliwa, alilia, alinyonya, akakua na kulima, lakini katika kitabu hayupo, kwa ajili ya peni 3.

Tena kuna taabu ya majina yenyewe. Desturi ya Uskoti ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume aitwe kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Desturi hiyo humsaidia mtafutaji, kwa kuwa yaonyesha njia. Lakini pia humpoteza, kwa kuwa ndugu watatu wenye baba mmoja aitwaye John watakuwa na watoto watatu waitwao John, katika parokia moja, pengine katika miaka minne. Mkulima mpangaji naye hakukaa mahali pamoja daima. Mikataba mingi ya mashamba ilikuwa ya miaka 19. Ikiisha na mwenye ardhi akikataa kuirudisha, familia hufunga mizigo ikahamia parokia nyingine, na uzi wa nasaba ukakatika hapo. Na katika nyanda za juu wako wapangaji wengi waliochukua jina la mkuu wa ukoo kwa kuwa walikaa katika ardhi yake na kumfuata vitani, ijapokuwa hawakuwa na damu yake hata tone moja. Leo wajukuu wao hujivunia jina hilo kama urithi wa damu.

Hapa sina budi kuleta kisa kimoja chenye mafunzo. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alisema hadharani kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu walioingia humo. Ogot na wenzake wa kizazi chake walikuwa wakifanya kazi katika miaka hiyo hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1967 chaweza kusomwa kama jibu la neno hilo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1983, Trevor-Roper yule yule aliandika makala akidai kwamba kilti ya Uskoti, na ile mirabaraba ya nguo isemwayo kuwa alama ya kila ukoo tangu kale, si mambo ya kale hata kidogo, bali yalibuniwa katika karne ya 18 na ya 19. Wako waliompinga. Lakini tukiyaweka maneno yake mawili pamoja twapata somo ambalo pengine yeye hakukusudia kulitoa: watu wenye maktaba na madaftari nao hujibunia mababu na desturi za mababu. Wino hauwazuii watu kujipamba; huwaachia tu alama ambazo mhakiki aweza kuzifuata baadaye.

Sasa turudi Nyanza. Mluo atajapo nasaba yake husema fulani wuod fulani, yaani mwana wa fulani, akapanda juu mpaka kwa mwenye kuanzisha ukoo. Watu wa babu mmoja huitwa jokakwaro. Nao huungana na wengine kuwa dhoot, yaani ukoo mkubwa. Na wengi hupanda mpaka kwa Ramogi, ambaye jina lake limebaki katika kilima cha Got Ramogi huko Yimbo, kinachosemwa kuwa kituo cha kwanza cha Waluo katika Kenya. Kabla ya Ogot wenyeji walikuwa wamekwisha anza kuyaandika mambo haya kwa lugha yao wenyewe: Paul Mboya alitoa Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, na Shadrack Malo akatoa kitabu cha koo za Nyanza ya Kati mwaka 1953. Hao wawili wastahili heshima kubwa, maana waliandika wakati ambapo wazee waliozaliwa kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1901 walikuwa hai bado.

Sifa kubwa ya kazi ya Ogot ni kwamba hakumwamini shahidi mmoja. Alizichukua nasaba za koo nyingi akazilinganisha. Ukoo huu wasema babu yao alipigana na ukoo ule kilimani fulani. Je, ukoo ule nao wakumbuka vita hivyo, na vyaangukia katika kizazi cha ngapi? Hawa wasema walioa kwa majirani wa Kiluhya. Je, majirani wasemaje? Aliyatazama pia masimulizi ya Uganda, ambako jamaa za Waluo walipita au walibaki. Hivyo aliweza kuyapanga makundi ya wahamiaji, yaani Joka-Jok, kisha Jok'Owiny na Jok'Omolo, kwa utaratibu wa aliyetangulia na aliyefuata. Hii ndiyo njia ya hakimu mwema: penye mashahidi kumi wasiopatana kula njama, nao wakakubaliana, hapo pana jambo la kushika. Nami nasema bila wasiwasi kwamba utaratibu huo ndio uliobaki kuwa msingi wa kazi za waliomfuata.

Lakini utaratibu ni kitu kimoja, na tarehe ni kitu kingine. Na hapa ndipo uhakiki wetu unapoanza kuwa mkali. Kupata mwaka kutoka katika nasaba, mwanahistoria huhesabu vizazi, kisha huvizidisha kwa miaka ya kizazi kimoja. Jaalia nasaba ina vizazi 12. Ukikadiria kizazi kuwa miaka 25 utapata miaka 300. Ukikadiria miaka 30 utapata miaka 360. Mwendo wa mtu mzima kutoka utoto hata uzee umefichwa katika tofauti hiyo. Tena hesabu yenyewe yaficha jambo jingine. Katika boma la mtu mwenye wake wengi, mtoto wa kwanza aweza kuzaliwa baba akiwa na miaka 20, na wa mwisho akiwa na miaka 60. Mstari wa wana wa kwanza wenye kuzaa wakiwa na miaka 20 utakuwa na vizazi 12 katika miaka 240. Mstari wa wana wa mwisho wenye kuzaa wakiwa na miaka 40 utakuwa na vizazi 6 tu katika miaka ile ile 240. Wazee wawili, wote wakweli, wote wa babu mmoja, watakupa hesabu mbili, moja nusu ya nyingine. Kadiri ya wastani hupunguza kosa hilo ikiwa nasaba ni nyingi, haiwezi kuliondoa.

Kosa jingine ni lile la majina kumezwa. Waluo huwapa watoto majina kwa saa au hali ya kuzaliwa: Ochieng' ni wa mchana, Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua. Zaidi ya hayo mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, liitwalo nying juogi. Basi majina yale yale hurudi na kurudi katika ukoo, kama yale ya akina John wa Uskoti. Okoth mwana wa Ochieng' mwana wa Okoth mwana wa Ochieng' ni rahisi kugeuka, baada ya miaka mia, kuwa Okoth mwana wa Ochieng' tu. Na walio hatarini zaidi ya kumezwa ni watu wa katikati. Wa karibu wakumbukwa kwa kuwa tuliwaona; wa mwanzo wakumbukwa kwa kuwa ndio jina la ukoo; lakini wa katikati, asipokuwa shujaa au hakuacha tawi lenye kudai kitu, hana wa kumtetea. E. E. Evans-Pritchard aliliona jambo hili kwa Wanuer wa Sudan Kusini, ambao ni jamaa wa mbali wa Waluo kwa lugha. Na mwaka 1974 David Henige alitoa kitabu kizima cha kuwaonya wanahistoria wasijenge tarehe juu ya orodha za namna hiyo. Onyo lake lilikuwa la haki, ijapokuwa mkono wake ulikuwa mzito. Maana kisima chenye tope hakifukiwi; maji yake huchujwa.

Je, kuandika kungaliponya ugonjwa huu? Sikiliza kisa cha Wativ wa Nijeria. Maofisa wa Kiingereza waliziandika nasaba zao ili ziwasaidie katika kuamua kesi. Yapata miaka 40 baadaye Wativ walianza kulalamika kwamba yaliyoandikwa si kweli. Maofisa walishangaa: karatasi haibadiliki! Ni kweli karatasi ilikuwa haijabadilika; waliobadilika ni watu. Katika miaka hiyo jamaa walikuwa wameungana, wengine wametengana, na nasaba iliyotamkwa ilikuwa imekwenda pamoja nao, kama kivuli kinavyokwenda na mtu. Kumbe nasaba kwao haikuwa picha ya jana tu. Ilikuwa pia mkataba wa leo. Aiandikaye huikamata katika siku moja, na siku hiyo hugeuka kuwa sheria kwa siku zote.

Sasa fikiri habari ya Nyanza kwa mwanga huo. Waluo walikuwa na wenye ardhi, weg lowo, na walikuwa na jodak, yaani wageni waliopewa mahali pa kukaa na kulima kwa hisani ya wenyeji. Mgeni aliyekaa vizazi vingi, akaoa humo, akapigana vita pamoja na wenyeji, aliweza polepole kuhesabiwa kuwa mwana wa ukoo. Na baada ya kizazi kimoja au viwili nasaba ingemtafutia mahali. Huo ulikuwa mlango wa huruma katika sheria za kale. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na sheria ya uandikishaji wa ardhi ya mwaka 1963, na kila kipande cha nchi kikatakiwa kuwa na jina la mwenyewe. Ilipofika siku ya kuandikisha, nasaba ziliulizwa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Aliyekuwa nusu njia kati ya ugeni na wenyeji hakuwa na safu ya kuandikwa. Ndipo twaelewa kwa nini orodha zilizokusanywa katika miaka ile haziwezi kusomwa kama kumbukumbu tupu. Kila jina lililotamkwa lilikuwa na ekari nyuma yake.

Wala si ardhi ya kulima peke yake. Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Nairobi wakili Silvano Melea Otieno. Mjane wake, Wambui Waiyaki Otieno, ambaye ni Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, katika Siaya. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwili ukakaa bila kuzikwa kwa miezi mitano, hata ukoo uliposhinda, na maziko yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Siko hapa kuihukumu upya kesi hiyo. Nataka uone tu kwamba katika chumba cha mahakama, katika mji wa magari na simu, swali lililoulizwa lilikuwa lile lile la wazee: huyu ni wa nani? Na nasaba ya wanaume ilimjibu mjane kwamba yeye hayumo.

Hapo ndipo tunapofika penye pengo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililonipa jina la makala haya. Soma nasaba yoyote ya kupanda mpaka kwa Ramogi, uhesabu wanawake. Utamaliza vidole vya mkono mmoja bila kukunja hata kimoja, labda kimoja. Ajabu ni kwamba mti wenyewe usingekuwa na matawi bila wao. Katika boma la Mluo kila mke ana nyumba yake: mikayi ndiye wa kwanza, nyachira wa pili, reru wa tatu. Wana wa mama mmoja hushikamana. Wana wa mama mbalimbali hushindana, na ushindani huo una jina lake, nyiego, lililotoka katika wivu wa wake wenza. Vizazi vikipita, nyumba ya kila mama hugeuka kuwa mlango wa ukoo. Kwa hiyo kila mahali unapoona mstari umegawanyika pande mbili, ujue hapo wamesimama wanawake wawili. Orodha imewataja wana waliogawanyika, ikaificha sababu ya kugawanyika.

Na si kwamba wanawake hawakujua habari za ukoo. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989, wameeleza habari ya siwindhe, nyumba ambamo watoto wadogo na wasichana walilala na kulelewa na mwanamke mzee aitwaye pim. Mara nyingi pim alitoka nje ya ukoo ule aliokuwa akiulea. Kwa hiyo ujuzi wake haukuwa wa mstari mmoja ulionyoka kama mkuki, bali ulitandaa kama wavu: nani alioa wapi, nani ni mjomba wa nani, watu gani wasioweza kuoana, njaa gani iliwahamisha akina fulani. Wazee wa kiume walikaa katika duol, wakafundisha mstari. Pim alikaa katika siwindhe, akafundisha wavu. Vizazi vya kwanza vya watafiti, Ogot akiwamo, viliketi zaidi katika duol. Hatuwalaumu kupita kiasi, kwani ndiko walikopelekwa mgeni na mwenye daftari; lakini tukisoma vitabu vyao hatuna budi kukumbuka mlango walioingilia.

Hukumu yetu basi ni ipi? Kwanza, kitabu cha mwaka 1967 kinasimama. Kilithibitisha kwamba maneno ya wazee yaweza kupimwa, kulinganishwa na kukatwa makapi kama hati za parokia zipimwavyo. Na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtoto wa Gem kulifanya katika miaka ile ambayo wakubwa wa elimu walilikana. Pili, utaratibu wake wa makundi wastahili kuaminiwa kuliko miaka yake. Tarehe zitokazo katika vizazi tuzisome kama mtu asomavyo wingu, kwamba mvua i karibu, si kwamba itanyesha saa 10 kamili. Tatu, alichokiacha, yaani wanawake, jodak, na watu wasioacha wana, si upungufu wa mwandishi peke yake, bali ni upungufu wa ushahidi aliopewa. Na kazi ya msomaji wa leo ni kuujaza.

Nawe, kijana, unaweza kuanza nyumbani kwako. Mwulize babu yako nasaba, uiandike vile vile aisemavyo, pamoja na tarehe ya siku hiyo na watu waliokuwapo, kwani mtu husema vingine mbele ya mwenye kugombania naye shamba. Kisha mwulize bibi yako habari zile zile, bila kumsomea alizozisema babu. Ziweke karatasi mbili pamoja. Zisipopatana usiharakishe kuita moja uwongo. Weka alama penye tofauti, ujiulize nani amefaidika na jina lililomo, na nani amepoteza kwa jina lisilomo. Halafu, kama una jirani wa ng'ambo ya mpaka, Mnyore kama wewe ni Mluo, au Mluo kama wewe ni Mnyore, mwombe naye akuonyeshe ya kwao. Usistaajabu ukikuta kwamba bibi wa bibi yako alizaliwa upande wake, na kwamba mstari ule wa Maseno, ambao wazee wameugombania miaka mingi, unapita katikati ya nyumba yenu wenyewe.